Nani Atalibeba Jina la Fransisko

Kinole,
11 Machi 2024

Bartholomeo,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua siku hizi huitikii "Milele, amina" kama nilivyokufundisha, lakini mimi nasalimia kwa salamu niliyolelewa nayo. Huku tunaendelea. Goti langu la kushoto linauma kila mvua ikitaka kunyesha, kwa hiyo mwezi huu linauma kila siku. Ndizi zimekubali, mananasi yameozea shambani. Barua hii atakuletea Shakila, yule anayeshusha ndizi sokoni mjini. Msalimie Brenda, na umwambie mtoto Allen kwamba bibi yake hana ugomvi naye.

Nimeona umepiga simu mara nyingi. Sitapokea. Maneno ya simu yanapaa, kesho yake mtu anasema hakusema. Andika. Nataka neno lako nilishike mkononi, nilisome nikiwa nimekaa.

Sasa nisikilize. Fransisko alikuwa kaka yangu, na kwako alikuwa zaidi ya mjomba. Dada yetu Leonsia alipofariki, wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo uliokubeba ni wa Fransisko. Mwanamume mzima alipita hapa kijijini na mtoto kwenye kanga, watu wakimcheka, na yeye akicheka nao. Ndiyo maana tulikupa nafasi ya kusema kaburini. Ukasimama na koti lako, ukawaambia watu wasijidanganye, aliyekufa bila kuokoka amekwenda motoni, hata akiwa mjomba wako. Udongo ulikuwa bado mbichi kwenye majembe.

Kinole hapa wengi ni Waislamu, unajua. Walikuja kumzika jirani yao kwa heshima zote, wakamsikia Mkristo akimpeleka Mkristo mwenzake motoni. Mzee Hashimu aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake mpaka ulipomaliza. Nimeona aibu nyingi katika maisha yangu, lakini ile bado sijajua niiweke wapi.

Pamoja na hayo, jina ni lako. Arobaini inakaribia. Mila yetu unaijua hata kama unajifanya umeisahau: siku ya kumaliza msiba, watani wanaleta jina la marehemu na kumpa mrithi, na kuanzia hapo mrithi ndiye yeye. Watoto wa marehemu watamwita baba, mimi nitamwita kaka, na aliyekuwa na neno na marehemu atalimaliza na yeye. Kwetu ukoo hufuata mama, kwa hiyo watoto wa Fransisko ni wa ukoo wa mama yao. Mimi Mungu hakunijalia kuzaa. Umebaki wewe, mtoto wa Leonsia. Jina lisipopata wa kulibeba, aliyeitwa nalo anakuwa kama mtu ambaye hakupita duniani.

Njoo. Uanzie kaburini, uombe radhi kwa sauti ile ile uliyomhukumia. Kisha utachukua jina.

Mama yako mdogo,
Yuliana


Mafiga, Morogoro,
24 Machi 2024

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe sana. Sisi tu wazima kwa neema yake. Brenda anakusalimu, bado anafundisha Kilakala. Allen ameingia darasa la tatu na anakuuliza kila wiki. Pole na goti. Nimempa Shakila dawa ya kuchua, uitumie asubuhi na jioni.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimepiga magoti. Imeniumiza. Unaandika kama vile mimi nilimchukia mjomba. Mgongo ule nilibebwa mimi, mama mdogo, na sihitaji kukumbushwa na mtu. Ni kwa sababu nilimpenda nilipanda Kinole mwezi Januari, alipokuwa ameshaanza kushindwa kula, nikamwambia aokoke. Nilitaka kumwongoza sala ya toba. Haikuwezekana. Kuhusu siku ile sitasema zaidi.

Ulitaka niseme nini mbele ya lile shimo? Kwamba amepumzika kwa amani kwa sababu alikuwa mcheshi na alipenda watoto? Wamejaa watu wazuri huko wanakoungua. Walio hai walikuwa wamesimama pale, na wao bado walikuwa na nafasi. Kama kumwokoa mmoja wao ilikuwa lazima niwaudhi wote, niliona bora niwaudhi. Siombi radhi kwa kusema kweli.

Na jina siwezi. Nimemkabidhi Yesu maisha yangu, siwezi kukaa kwenye mkeka watani wanimwagie unga kichwani na kuniita kwa jina la mtu ambaye hukumu yake imekwisha kutoka. Hayo ni mambo ya mizimu hata kama tunayapaka rangi ya mila.

Tena naomba nikuulize kwa heshima. Umenikasirikia mimi mhubiri wa kanisa dogo la mabati. Mbona padri wako hakuja? Alisali katekista peke yake, tena nje ya nyumba, misa haikuwepo. Mjomba alifunga ndoa kanisani, mke wa kwanza akamkimbia, akaishi na Mwanahawa ambaye ni Mwislamu, na kanisa lako likamfungia mlango mpaka akafa. Mimi nilitamka kwa mdomo. Wao walikaa kimya wakafanya lile lile.

Mwanao katika Bwana,
Bartholomeo


Kinole,
8 Aprili 2024

Bartholomeo,

Tumsifu Yesu Kristo. Pasaka tumeila, ingawa mvua iliingia hadi jikoni. Arobaini imepita bila wewe. Tumesoma rozari na watu wamekula, lakini suala la jina wazee wamelisogeza hadi masika yaishe. Walisema pengine barabara ndiyo iliyokuzuia. Wazee wetu wana huruma, sijui waliitoa wapi. Allen nimemtumia ndizi mzuzu. Dawa ya kuchua nimempa Mwanahawa.

Umenipiga pale penye kidonda, na nakiri kwamba pameuma. Kwa hiyo nilifunga kitambaa nikaenda kwa padri. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamuuliza kwa nini hakuja kumzika kaka yangu. Akaniambia kwa upole kwamba Kanisa halimpeleki mtu motoni, misa tu ndiyo ilizuiliwa, kwa kuwa hakuwa kwenye ndoa halali. Nikamwambia, padri, anayemnyima mtu chakula anaweza kusema hakumpiga, lakini njaa ataiona aliyenyimwa. Akanikaribisha chai. Sikunywa. Nimelelewa kuwaheshimu mapadri, na tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kukataa kikombe chao.

Kwa hiyo usidhani nina mtu wa kumtetea. Nina hasira za kuwatosha wote. Lakini Kanisa langu limenifundisha kwamba kuna toharani, kwamba mtu anaweza kufa akiwa na doa na bado Mungu akamsafisha, na kwamba sala yangu hapa inamsaidia kule. Mimi kila asubuhi namwombea Fransisko. Kwa maneno yako, ni kama naliombea jiwe.

Mwanahawa amenisikia nikilalamika. Akaniambia, "Wifi, nyie mna Yesu mmoja, na mmeshindwa kupatana mumweke wapi mume wangu. Mie nishamuombea dua, nimemuachia Mungu, nyie bado mnamvuta miguu."

Sasa na mimi nikuulize, tena bila heshima. Leonsia alikufa Mkatoliki. Alibatizwa mchanga kama mimi, akapakwa mafuta kitandani, akakata roho rozari ikiwa mkononi. Sala yenu ya toba hakuisali, maana hilo kanisa lenu la mabati lilikuwa bado halijaota. Kwa sheria uliyotusomea kaburini, hana tofauti na kaka yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Chukua kalamu, uniandikie kwa mwandiko wako mwenyewe: mama yako yuko wapi?

Yuliana


Mafiga, Morogoro,
2 Juni 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Nisamehe kwa kuchelewa. Barabara ya huko ilikatika na nilisikia Shakila hashuki. Pia Allen alishikwa na malaria, ameshapona, sasa anakula kama mchwa. Ndizi zilifika, ahsante. Brenda amefanywa mwalimu wa taaluma, anarudi jioni amechoka. Kanisa tumelipaka rangi, ndani buluu ya maji na nje nyeupe, na tumenunua spika mpya. Waumini wanaongezeka.

Swali lako ni zito, na hukumu mwishowe ni ya Mungu. Tusiende huko.

Naomba ukumbuke mimi nilikuwa nani. Unakumbuka Brenda aliponifungia mlango nikalala mtaroni hapa Mafiga, gongo ikinitoka puani. Ulikuja na rozari yako ukasali chumbani kwangu siku nzima, na jioni ile ile nikaenda kunywa tena. Mjomba alikuja akanikumbatia, akanipa hela ya nauli ya kurudi Kinole, nikainywa. Mlinipenda wote na wote mlishindwa. Kilichonitoa ni wokovu. Kuna siku niliitwa mbele, nikalia, nikakubali kwamba nilikuwa nakwenda motoni, na kwa kuamini hivyo niliacha. Nikiacha kuuamini ule moto, mama mdogo, sijui nitashika nini.

Kisha unaniambia mjomba ameingia kwa mlango wa nyuma, bila kulia, bila kukiri, kwa sababu tu dada yake anamsalia asubuhi. Nimekasirika, naomba ulijue hilo. Simkasirikii Mungu, namkasirikia mjomba. Nafasi alikuwa nayo mkononi.

Bartholomeo


Kinole,
9 Juni 2024

Bartholomeo,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti afadhali. Dawa niliichukua tena kwa Mwanahawa, nikajichua, inasaidia. Nashukuru.

Shakila hakukosa soko hata wiki moja. Barabara ilipokatika walishusha ndizi kichwani mpaka walikoacha gari. Usiisingizie mvua, imetufanyia mengi lakini hilo haikufanya. Barua yako imejaa malaria, spika, na rangi ya ukuta ndani na nje. Mama yako hukumtaja hata jina. Unasema hukumu ni ya Mungu. Kaburini ilikuwa yako.

Habari za gongo nazikumbuka, na nililia niliposoma. Sijawahi kukuambia kwamba wokovu wako ni uongo. Uliokoka, nimeona kwa macho, na namshukuru Mungu hata kwa kanisa lile lile linalonichefua. Lakini mtu akivutwa kutoka mtoni kwa kamba, hamrukii kila anayepita nchi kavu na kumwambia amekufa maji kwa sababu hakuishika kamba yake.

Na sasa nimejua ya Januari. Mwanahawa alikuwa nyuma ya pazia anamkorogea uji, wewe hukumwona. Ameniambia jana, kwa sababu amechoka kunisikia nikisema Fransisko alikataa. Fransisko hakukataa. Alikuambia, "Hiyo sala yako nitasali, mpwa wangu. Ila niambie kwanza kama itanifikisha alipo Leonsia, maana mimi nataka kwenda kukaa na dada yangu." Ukanyamaza. Akakuuliza tena, kwa taabu, pumzi ikiwa imemwisha. Ukachukua begi ukatoka. Uji haujapoa, wewe umeshafika barabarani. Hukurudi mpaka tunamzika.

Kwa hiyo aliyeshindwa siku ile ni wewe, Bartholomeo. Mgonjwa alikuuliza jambo dogo, ukakosa jibu, ukangoja afunikwe udongo ndipo umjibu mbele ya watu. Nimejaribu kutafuta neno la heshima la kuliita jambo hilo na sikulipata.

Msiba tunaumaliza Jumamosi, tarehe 27 Julai. Watani wameshaambiwa. Swali nililokuuliza bado liko pale pale, na safari hii siulizi peke yangu.

Yuliana


Mafiga, Morogoro,
20 Julai 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Sina habari nyingine za nyumbani.

Mwanahawa amesema kweli. Nilimchukia mjomba kwa swali lile. Angeweza kuniuliza lolote, nina majibu ya kila kitu, nimesomea. Akaenda kuuliza lile moja. Nilishuka mlima mzima nikijibizana naye peke yangu, na niliposikia amekufa, la kwanza nililohisi ni kwamba ameniacha bila kumaliza ugomvi. Pale kaburini nilikuwa namaliza.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa mchungaji wetu mkuu. Alikuwa amechuchumaa anaunganisha nyaya za spika. Nikamuuliza kuhusu mama yangu, nikamweleza jinsi alivyokufa. Alijibu bila kugeuka: "Ndugu, kama hakuokoka, jibu unalijua." Kisha akaniomba nimshikie waya. Nikaushika. Nilisimama pale nimeshika waya wake, mama mdogo, na nilitaka kumpiga nao. Ndiyo maneno niliyowaambia watu wenu mimi, tena kwa sauti ya juu zaidi. Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kuhubiri nikasema naumwa. Tangu hapo sijapanda madhabahuni.

Ulitaka mwandiko wangu. Huu hapa. Sijui. Mama yangu sijui yuko wapi. Natumaini umeridhika.

Ila tarehe 27 siji. Ulichonifanyia ni kibaya. Nilikuwa na nyumba inayosimama, na wewe kwa hasira za msiba umekuja kung'oa nguzo, halafu unanialika kwenye sherehe. Asiyejua alipo mama yake hawezi kukalishwa kwenye mkeka akavikwa jina la mjomba. Nikilichukua nitakuwa nasema najua amepokelewa, na nimekwisha kukuandikia kwamba sijui. Ningekuja ningekuwa mwongo kwa pande zote mbili, kwa kanisa langu na kwenu.

Na wewe je? Weka katekisimu pembeni, weka toharani pembeni. Unajua walipo? Nijibu kama ulivyonilazimisha nikujibu.

Bartholomeo


Kinole,
4 Agosti 2024

Mpwa wangu Bartholomeo,

Marahaba. Najua shikamoo yako haikuwa yangu, lakini nimeamua kuitikia kabisa ili tuendelee. Huku nyumbani wazima. Mwanahawa amepika sana na bado anaosha masufuria ya kuazima. Masika yote yale na sasa vumbi.

Nikueleze ilivyokuwa. Watu walijaa. Mkeka ukatandikwa, na Yunusi, mkubwa wa watani, akavaa kofia ya marehemu akaanza kumtafuta mrithi. Alichungulia uvunguni, akachungulia kwenye chungu, akamuuliza jogoo kama ndiye. Kisha akasimama juu ya kinu, akafunga vifungo vya koti lisilokuwepo, akahubiri kwa sauti yako. Alituhukumu wote, mmoja mmoja, na mbuzi pia. Watu walicheka mpaka mzee Hashimu akashika ubavu. Yuliana naye alicheka, kisha akakasirika kwa kucheka.

Baadaye vicheko vikaisha na mkeka ukabaki mtupu. Wazee wakanong'onezana. Wakasema basi, jina la Fransisko lifunikwe, mrithi amelikataa. Yunusi akavua kofia. Hapo Yuliana akainuka, goti na yote, akaenda kukaa kwenye mkeka. Wakamwambia mama, hili ni jina la mwanamume. Akawaambia, "Fransisko alilala katika tumbo lile lile nililolala mimi, na kama tumbo halikutubagua, kofia isitubague." Mzee mmoja akasema haijawahi kutokea. Yuliana akamjibu kwamba hata mtu kuzikwa akitukanwa na mpwa wake ilikuwa haijawahi kutokea, na ikatokea, na wao walikaa kimya. Yunusi akammwagia unga, akamvika kofia, akamwita jina mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na Yuliana akaitika.

Kwa hiyo Mwanahawa sasa ananiita mume wangu na ananicheka kila nikiomba maji. Watoto wananiita baba. Kwa padri nimepeleka ujumbe kwamba Fransisko anataka kuzungumza naye. Bado hajajibu, nadhani anaweka sawa chai yake.

Umemuuliza Yuliana kama anajua walipo Leonsia na kaka yake. Hajui. Anasali, anatumaini, na asubuhi nyingine hata kutumaini kunamshinda. Alikutaka jibu ambalo yeye mwenyewe hakuwa nalo, na hilo alipaswa kulisema tangu barua ya kwanza, lakini alikuwa amekasirika mno kuwa mkweli.

Ila Fransisko alipo, hilo halihitaji mchungaji wala padri. Niko Kinole, nyumba ile ile. Kwa mila yetu, mwenye neno na marehemu analimaliza na mimi, na wewe una neno. Mimi ndiye niliyekubeba kwenye kanga. Mimi ndiye niliyekuuliza kuhusu dada yangu ukanikimbia, na ndiye uliyenipeleka motoni mbele ya majirani zangu nikiwa siwezi kufungua mdomo. Sasa naweza. Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtoto yeyote, na hasira hii siwezi kuimaliza kwa karatasi.

Panda uje, unitazame usoni, useme tena ulichosema kaburini. Ukiweza kukisema, kiseme, nitakisikiliza chote. Ukishindwa, utakaa chini tule.

Mjomba wako,
Fransisko